Pipa, debe na mpira wa kunyonya: historia ya mafuta ya trekta Usukumani

Wiki hii nataka tuzungumzie kazi ambayo ni nadra kupewa hata sentensi moja katika hotuba za kilimo: kuyatoa mafuta kwenye pipa na kuyaingiza kwenye tangi la trekta. Trekta lenyewe limehutubiwa sana, bei yake na mkopo wake. Lakini likishafika nyumbani, Misungwi au Kwimba au Sengerema, kituo cha mafuta huwa mbali, nalo haliwezi kutembea barabarani kilomita 20 kila asubuhi kwenda kunywa na kurudi. Lazima mafuta yalifuate shambani. Yamekuwa yakifuata kwa njia gani? Wengi wenu mnaonunua gazeti hili mjini mna shamba huko, na baadhi yenu mna trekta linalokodishwa mkiwa hapa hapa Nyakato au Kirumba. Habari hii inawahusu.

Tuanze na chombo. Kabla ya trekta kulikuwa na debe. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Bara Hindi, na chombo kilikuja na mafuta ya taa: bati la galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 hivi, mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Mafuta yakiisha, debe halikutupwa. Likawa kipimo cha mahindi, ndoo ya maji na paa la kibanda. Kwa kubeba mafuta, hata hivyo, lilikuwa chombo dhaifu. Jeshi la Uingereza lililigundua hilo kwa hasara katika Vita Kuu ya Pili, Afrika Kaskazini, pale sehemu kubwa ya petroli ilipovuja jangwani kutoka kwenye mabati ya namna hiyo kabla ya kufika kwenye magari. Wajerumani walikuwa na chombo bora, cha chuma cha lita 20, chenye mishikio mitatu ili watu wawili waweze kukibeba pamoja. Waingereza wakakiiga. Jina walilokipa kwa kuwataja Wajerumani kwa utani ndilo tunalolitamka leo, jerikani, ingawa siku hizi tunaliita hivyo hata dumu la plastiki.

Na pipa je? Hapa naomba radhi kwa kujivunia kazi yangu. Pipa la chuma lina mkono wa mwandishi wa habari. Nellie Bly, yule mama wa Marekani aliyeizunguka dunia kwa siku 72 kati ya 1889 na 1890, baadaye alisimamia kiwanda cha vyombo vya chuma cha marehemu mumewe. Mwaka 1905 mhandisi wa kiwanda hicho, Henry Wehrhahn, alipata hati ya ubunifu wa pipa la chuma, na haki zake zikawa za mama huyo. Kutoka kwenye ukoo huo limekuja pipa letu la lita 200 na kidogo, lenye vizibo viwili, kikubwa na kidogo. Tukumbuke hicho kizibo kidogo, tutakirudia.

Sasa trekta. Wengi wanajua kisa cha karanga cha Kongwa, mradi ulioanza 1947 na kuachwa 1951 baada ya serikali ya Uingereza kupoteza pauni zaidi ya milioni 35. Kinachosimuliwa ni udongo mgumu na mvua haba. Lakini matrekta yale, mengi yakiwa mabaki ya vita, yalihitaji pia mafuta, vipuri na mafundi katikati ya pori, na vyote hivyo vilitegemea reli na bandari ambazo hazikuwa tayari. Trekta linaweza kuwa zima kabisa na bado likasimama kwa kukosa tangi moja la mafuta.

Matrekta madogo ya Ferguson ya miaka hiyo yalikuwa na ugumu wa namna nyingine. Baadhi yalitumia mafuta ya taa ya trekta, si dizeli. Dereva aliwasha injini kwa petroli, akasubiri ipate moto, kisha akageuza koki ili ianze kunywa mafuta ya taa. Kwa hiyo nyumbani palitakiwa vyombo viwili vya mafuta mawili, na aliyevichanganya alijua mwenyewe. Injini ya dizeli ilipoenea katika miaka ya 1950 ilimpunguzia mkulima kero hiyo: mafuta ya aina moja, tena yasiyoshika moto haraka kama petroli. Ila ilikuja na sharti lake. Dizeli haitaki maji wala mchanga, kwa sababu pampu yake na nozeli zake zimechongwa kwa ulinganifu mwembamba kuliko unywele.

Huku kwetu Kanda ya Ziwa trekta lilikuja na pamba. Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoanzishwa 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, lilikuwa na nguvu ambayo vijana wa leo hawawezi kuiwazia. Lilinunua pamba ya wakulima wa Usukuma wote na kumiliki viwanda vya kuichambua. Katikati ya miaka ya 1960, nchi ikiwa huru, mashamba ya pamoja ya kulimwa kwa trekta yakaanzishwa. Gharama za kulima zilitarajiwa kukatwa kwenye mauzo ya pamba. Hesabu hazikutimia. Matrekta yalilala kwa ubovu, madeni hayakulipwa, na kabla muongo haujaisha sehemu kubwa ya mpango ilikuwa imekufa. Wasukuma wakarudi kwa maksai, ambao hawakuwa wamewaacha hata siku moja. Mwalimu Nyerere naye alikuwa akieleza kwamba mkulima akitoka kwenye jembe la mkono na kufika kwenye plau ya ng'ombe tayari amefanya mapinduzi, na trekta lisubiri.

Wachumi wameeleza sababu za kushindwa kule. Mimi naongeza moja, na ni maoni yangu: trekta lililetwa bila ghala lake. Mwenye ng'ombe hafungui zizi kabla ya kujua majani na maji yako wapi. Kwa trekta tulifungua zizi kwanza.

Kisha tuangalie safari ya mafuta yenyewe. Reli iliyofika Mwanza 1928 ndiyo iliyoyaleta kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200, na baada ya 1966 mengi yalitoka kwenye kiwanda cha kusafishia mafuta cha TIPER kule Kigamboni. Njia nyingine ilikuwa ziwani, kupitia Kisumu. Mwaka 1973 vita vya Mashariki ya Kati vilipandisha bei ya pipa la mafuta ghafi kutoka kama dola 3 hadi karibu 12 katika miezi michache. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, na njia ya Kisumu ikaziba. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilikuwa vimekwisha kuvunjwa, kwa hiyo aliyekuwa akimtafutia mkulima mafuta hakuwapo tena.

Halafu vikaja vita vya Kagera. Malori yalichukuliwa kwenda mbele, na mafuta pia. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin, ilikuja kushambulia Mwanza. Ilikuwa ikitafuta ghala la mafuta. Haikulipata. Mashambulizi yakaangukia kisiwa cha Saanane, kilichokuwa hifadhi ya wanyama, yakamjeruhi mfanyakazi mmoja na kuua swala kadhaa. Watu wa Mwanza wamekicheka kisa hicho kwa miaka mingi, na ni haki yao. Lakini kwa nini rubani atumwe kutoka mbali kwa ajili ya matangi ya mafuta ya mji huu? Kwa sababu kanda nzima, jeshi, meli na mashamba, ilikuwa ikinywa kwenye matangi machache.

Miaka iliyofuata mnaikumbuka wenye umri wangu na zaidi. Magari ya binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mafuta yakawa ya kibali na ya foleni. Trekta la kijiji likipata pipa moja, pipa hilo lilitunzwa ndani ya nyumba kama mgonjwa, na mafuta yalitolewa kwa mpira wa kumwagilia: ncha moja ndani ya pipa, nyingine mdomoni mwa utingo, avute mpaka yafike. Uhaba wa mafuta ulikwisha. Mdomo haukukoma. Hadi leo nenda kwenye nyumba yoyote yenye trekta na pipa, uulize pampu iko wapi, na mara nyingi utaonyeshwa kijana.

Hili silipendi hata kidogo. Dizeli inayopita njia ya hewa huunguza mapafu, na madhara yanaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye, kijana akiwa amekwenda kulala. Aliyeimeza asitapishwe, kwa sababu ikipanda tena ndipo inapoingia mapafuni. Dawa ya maziwa tuliyorithi kwa wazee isimcheleweshe mtu kufika hospitali.

Upande wa trekta nao una hasara yake. Matrekta mengi ya kazi huku bado ni Massey Ferguson za zamani. Ile ya namba 135, iliyoanza kuundwa 1964, tangi lake liko chini ya boneti, juu ya injini, karibu na usukani. Kulijaza kwa dumu ni kuinua kilo 17 hadi kimo cha kifua na kulenga tundu dogo, mara mbili au tatu kwa siku ya kulima, maana siku nzima yaweza kunywa lita 40 hadi 50. Upepo unapeperusha vumbi la mbuga, faneli ilikuwa imelala chini, mvua imenyesha juu ya pipa na maji yametuama kwenye vizibo. Vyote vinaingia. Pampu inakufa katikati ya Novemba, wakati pamba inapotakiwa iwe inapandwa, fundi yuko mjini, na wiki mbili zinapotea ambazo mvua haizirudishi.

Dawa yake ni ya zamani kuliko trekta lenyewe, nayo ni mteremko. Wakulima wa Ulaya na Marekani waliweka pipa juu ya jukwaa la mbao lenye urefu wa mtu, wakafunga koki na mpira, mafuta yakashuka yenyewe. Sisi wa Mwanza, ambao Mungu alitumwagia mawe kila mahali, tungeweza kuwa mabingwa wa jambo hili: pipa likae juu ya jabali, trekta lisimame chini yake. Pipa lililazwe kwa kuinamia nyuma kidogo, upande usio na koki, ili maji na uchafu vikae huko. Likishajazwa lipumzike usiku kucha. Na kile kizibo kidogo cha mama Nellie Bly kilegezwe wakati wa kutoa, hewa iingie, vinginevyo mafuta yatatoka kwa kukohoa. Ugumu ni kulipandisha, maana likijaa lina kilo 180 na zaidi. Afadhali lipandishwe tupu, kisha lijazwe likiwa juu kwa pampu ya mkono, ile ya kusukuma mpini huku na huku au ya kuzungusha, inayofungwa kwenye kizibo kikubwa. Pampu hiyo peke yake, hata bila jukwaa, inatosha kuuondoa mdomo kazini. Siku hizi zipo pia ndogo za umeme zinazotumia betri ya trekta lenyewe. Ziwe za dizeli tu.

Nasisitiza dizeli. Petroli ya pikipiki isiwekwe karibu na pipa hilo wala isipite kwenye pampu hiyo. Mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo. Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa kwa petroli iliyomwagika. Na anayetaka kugeuza pipa la nyumbani kuwa duka ajue biashara ya mafuta ina leseni yake, na EWURA ndiyo inayoitoa.

Tangi la trekta lijazwe jioni, kazi ikiisha, si asubuhi. Tangi likilala nusu tupu, hewa iliyomo hupoa usiku na kutoa jasho la maji, nayo huteremkia kwenye dizeli. Madereva wengi hufanya kinyume, kwa sababu tajiri yuko mjini na pesa ya mafuta hufika kwa simu saa mbili asubuhi.