Dini ya Mwalimu Nyerere na mizani ya uadilifu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Andiko la leo ni refu kidogo. Mwenye haraka aliweke, alisome baada ya Isha.

Tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu, vijana wangu wawili wa darsa walikaribia kushikana mashati barazani pa msikiti. Mmoja anasema Nyerere alikuwa adui wa Uislamu, hakuna cha kujadili. Mwenzake anasema Nyerere alikuwa mtu wa Mungu, na anayemsema vibaya hana shukrani. Nikawatenganisha. Wakanigeukia: "Shehe, wewe unasemaje?" Niliwaambia wanipe muda, kwa sababu jibu la haraka katika jambo hili ni dhulma kwa upande mmoja au mwingine. Hili ndilo jibu langu.

Kwanza muelewe kwa nini sisi wa Ngorongo hatuwezi kulikwepa swali hili. Ukipanda juu ya mto kutoka hapa unakutana na jina lake mara mbili. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyokatwa kutoka Selous mwaka 2019. Kisha bwawa la umeme la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Maji tunayonywa, tunayovulia na yaliyotufurikia Aprili 2024 yanapita kwanza kwenye jina lake ndiyo yaje kwetu. Na vijiji vingi vya ukanda huu vimekaa vilipo kwa sababu ya uamuzi wa serikali yake. Nitalirudia hilo.

Sasa, huyu mtu aliamini nini?

Hakuzaliwa Mkristo. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, aliyekuwa na wake wengi, na mama yake ni Bi Mugaya. Jina la Kambarage alilopewa linahusiana na mzimu wa mvua katika itikadi za kwao. Alisoma Mwisenge, Musoma, kisha Tabora, na huko ndiko alikoujua Ukatoliki kwa kina. Alibatizwa Desemba 1943 akiwa mtu mzima wa miaka 21, akachukua jina la Julius. Kwa hiyo dini ile aliichagua mwenyewe, hakurithi. Mtu aliyeichagua dini ukubwani mara nyingi huishika kwa nguvu, na yeye aliishika. Alihudhuria misa asubuhi hata alipokuwa Rais. Baada ya kung'atuka akatunga tenzi za Injili zote nne na Matendo ya Mitume, zikachapishwa mwaka 1996.

Hapo kwenye tenzi naomba tusimame kidogo. Utenzi ni chombo cha nani? Ni chombo cha mashehe na mabibi wa pwani, waliokitumia kumsifu Mtume (SAW), kusimulia vita vya masahaba na kuusia mabinti zao. Mkatoliki kutoka Butiama, kabla hajafa, anachukua kitabu kilicho kitukufu kuliko vyote katika dini yake na kukivalisha vazi la wazee wetu. Mtu anayeudharau ustaarabu wa Waislamu hafanyi hivyo. Hili halimfanyi kuwa Muislamu, lakini ni ushahidi, na ushahidi hautupwi.

Pia hakuwa mtu wa kulisifia kanisa lake tu. Mwaka 1970 alikwenda New York akazungumza na masista wa Maryknoll, akawaambia kanisa lisipokuwa upande wa maskini dhidi ya mifumo inayowakandamiza, litakosa maana kwao. Alikuwa mgeni wao, na aliwaambia hivyo usoni.

Kuhusu mali, hata wapinzani wake wananyamaza. Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, aliacha Uwaziri Mkuu kwa hiari akaenda kujenga chama. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga kwenda jeshini, na katika maneno yao wakagusa mishahara ya wakubwa, aliwafukuza karibu 400. Lakini alirudi akakata mshahara wake mwenyewe na wa maofisa wa juu kwa asilimia 20. Mwaka 1985 akatoka Ikulu akiwa hai, akampisha Mzee Ali Hassan Mwinyi, Muislamu, mtu wa mkoa wetu huu wa Pwani. Sisi Waislamu tunaihubiri amana kila Ijumaa. Tuwe wakweli: viongozi wangapi wa misikiti na taasisi zetu wameishika kama alivyoishika yeye?

Najua mmoja wenu ameshakunja uso. Subirini, kuna upande wa pili, nao sitaupunguza.

Nyerere alipoingia Dar es Salaam alikuwa mwalimu wa Pugu asiyejulikana mjini. Nani walimpokea? Alichaguliwa kuongoza TAA Aprili 1953, na tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU. Waliokuwa nyuma yake ni akina Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally, Dossa Aziz, Sheikh Hassan bin Ameir, Sheikh Suleiman Takadir aliyeongoza wazee wa chama, na Sheikh Mohamed Ramiya wa Bagamoyo na wafuasi wake wa Qadiriyya. Walikuwemo Wakristo pia, kama mzee John Rupia. Lakini Dar es Salaam na pwani ile ilikuwa ya Waislamu, na uwanja ule waliufungua Waislamu. Na Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma na maulidi, ndiye aliyewatoa akina mama ndani na kuwaleta mikutanoni kwa maelfu. Baadaye akawa mbunge wetu wa Rufiji, mpaka mwaka 1965 tulipomnyima kura sisi wenyewe. Hilo halikufanywa na Nyerere.

Watu hao hawakumuuliza dini yake. Kilipoanzishwa chama cha AMNUT, kikitaka uhuru usubiri mpaka Waislamu wafikie wenzao kwa elimu, Waislamu wengi na mashehe wakubwa walikikataa. Walimwamini Mwalimu. Sheikh Takadir ndiye aliyeuliza mapema, hadharani, Waislamu watapata nini baada ya uhuru. Akafukuzwa chamani mwaka 1958.

Kisha ikaja 1968. Kulikuwa na jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, EAMWS, iliyoasisiwa mwaka 1945 kwa juhudi za Aga Khan, ikijenga shule na misikiti. Ukatokea mgogoro ndani yake, baadhi ya mikoa ikajitenga, na Desemba 1968 serikali ikaipiga marufuku. Mwezi huohuo ikaundwa BAKWATA. Sheikh Hassan bin Ameir, mwanazuoni aliyesimama naye tangu siku za TANU changa, akakamatwa na kurudishwa Zanzibar. Mwaka uliofuata akakamatwa Bibi Titi, akahukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, mpaka Mwalimu mwenyewe alipomsamehe mwaka 1972.

Kijana wangu wa kwanza anasimama hapa na kusema: unaona, Shehe? Padri aliyevaa kaunda suti.

Mimi namwambia, kaa chini tuhesabu. Machifu waliondolewa mwaka 1963. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilivunjwa 1964, kikawekwa chama kimoja chini ya serikali. Vyama vingine vya siasa vilifungiwa kwa sheria 1965. Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma, wakulima walioufanya ujamaa kwa hiari yao kabla serikali haijajua ujamaa ni nini, ilivunjwa 1969. Serikali za mitaa zikafuata 1972, na vyama vya ushirika 1976. Hao wote hawakuwa Waislamu. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilipitishwa 1962, na ilimkamata yeyote.

Ukiyapanga hivyo unaona tabia ya mtu. Mwalimu hakuvumilia chombo chochote chenye nguvu ambacho hakikuwa mkononi mwa chama chake. Aliamini kwa dhati kwamba anajua kheri ya watu kuliko wanavyoijua wenyewe, na moyo msafi ulimfanya asitilie shaka uamuzi wake. Mlafi unaweza kumbembeleza kwa mali, lakini aliyeshiba uhakika wa nafsi yake utambembeleza kwa nini? Mwishoni alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na ushirika lilikuwa kosa.

Lakini hesabu hiyo haiishii hapo, na hapa namgeukia kijana wa pili. Katika orodha ile ya vilivyovunjwa, baraza la maaskofu halimo. Makanisa yalibaki na uongozi wao waliouchagua wenyewe. Waislamu ndio waliopewa chombo kipya chini ya macho ya chama. Usimwambie Muislamu kwamba hilo ni dogo, wala usimwite mdini anapouliza. Naamini hakukusudia kuukandamiza Uislamu. Kanisa alilijua kutoka ndani, hakuliogopa. Msikiti hakuujua kutoka ndani, na mtu huogopa asichokijua. Hayo ni maoni yangu, anayetaka ayakatae.

Na bado kuna shule. Mkoloni alituacha nyuma kwa sababu elimu ilikuwa mikononi mwa misheni, na mzee wa Kiislamu aliogopa kumpeleka mwanawe akarudi na jina jingine. Mwaka 1969 sheria ya elimu ilizitia shule za misheni mikononi mwa serikali. Kanisa halikufurahi. Mimi ninayewaandikia nilitoka madrasa nikaenda kusoma sekondari katika majengo yaliyokuwa ya misheni, bila kubadili jina wala dini. Baba yangu, mkulima wa mpunga, asingeweza kunisomesha kwa njia nyingine. Katika shule hiyohiyo wenzetu walikuwa na kanisa la matofali na kengele, sisi tulisali chini ya mwembe, na masika tulisali kwa zamu kwenye ukumbi wa bweni. Mlango alinifungulia Mwalimu, na mwembe ule nao ni wa enzi yake. Siwezi kusema kimoja nikameza cha pili.

Sasa Rufiji. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliwahamisha watu wa bondeni na kuwaweka kwenye vijiji vya ujamaa, mahali pa juu. Nia yake ilikuwa watu wasife maji, wapate shule, zahanati na kisima. Vilikuja, si vyote, lakini vilikuja. Marehemu baba alikuwa akisimulia kwamba walibeba milango ya msikiti wao wa udongo kichwani, kuta wakaziachia mto. Akisifia zahanati, na pumzi hiyohiyo akilalamika kwamba shamba la mlau sasa liko mwendo wa nusu siku, na anayelala dunguni kuwinga ngedere na nguruwe hana mke wala jirani karibu. Mafuriko yale ambayo serikali iliyaona adui, kwetu ndiyo mbolea. Hakuna aliyemuuliza mkulima. Ni tabia ileile, na safari hii haikuwa na uhusiano wowote na msalaba au mwezi.

Wamarekani nao wana mzozo kama huu juu ya waasisi wao. Thomas Jefferson alinunua tafsiri ya Qur'an mwaka 1765, na Januari 2007 Muislamu wa kwanza kuingia Bunge la Marekani, Keith Ellison, aliapa kwa nakala ileile. Wapo Waislamu wanaomsifu kwa hilo. Jefferson huyohuyo alimiliki watumwa zaidi ya 600 maishani mwake. Kitabu rafuni hakikumkomboa hata mmoja.

Sisi mizani tunayo, ipo katika aya ya 8 ya Suratul Maida: chuki juu ya watu isitutoe kwenye uadilifu. Na tunao mfano wa Mut'im bin Adiy. Alikuwa mshirikina. Mtume (SAW) aliporudi kutoka Taif akiwa amepigwa mawe, huyu ndiye aliyempa ulinzi akaingia Makka, wanawe wakiwa na silaha. Alikuwa pia miongoni mwa waliosimama kuuvunja mkataba wa kuwasusia Bani Hashim. Alikufa katika ushirikina wake. Baada ya Badr Mtume (SAW) alieleza kwamba lau Mut'im angekuwa hai na kuwaombea mateka wale, angemwachia. Hakumwita Muislamu, hakuificha itikadi yake, na wala hakuusahau wema wake.

Wakatoliki wameanza tangu 2005 mchakato wa kumtangaza Mwalimu mtakatifu. Hilo ni lao, halituhusu kulibeza wala kulishangilia. Linalotuhusu ni kwamba sisi pia ni mashahidi wa maisha yake, na shahidi akiitwa haruhusiwi kuleta nusu.

Niliwasomea vijana wangu haya kabla ya kuyaweka hapa. Yule wa pili akaniuliza, "Kwa hiyo Shehe, tumuombee?" Nikamjibu kwamba dua ya maghfira kwa aliyekufa nje ya Uislamu hatunayo, hilo liko wazi, na jambo lake liko kwa Mola wake. Sheikh Hassan bin Ameir tunaweza kumuombea, na Bibi Titi, na Sheikh Takadir. Nikawauliza nani kati yao anajua mwaka aliorudishwa Zanzibar Sheikh Hassan. Wote wawili wakanyamaza, wale waliotaka kupigana.

Ijumaa baada ya Maghrib, inshallah, darsa itakuwa juu yake. Njooni na daftari.

Wallahu a'lam.