Waliozama na Khedive Ismail hawana hata mtaa

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, viongozi huweka mkuki, ngao na shada la maua penye mnara, tarumbeta hulia, watu wakatawanyika. Mkoani Njombe hutajwa Majimaji, kwa kuwa misheni ya Yakobi ilishambuliwa mwaka 1905, na hutajwa Vita vya Kagera. Vijana wa Afrika Mashariki waliomezwa na bahari Februari 12, 1944 hawana anayewataja.

Katika Vita Kuu ya Pili, Watanganyika wapatao 87,000 walivaa sare za Mwingereza, wakapigana Habeshi, Madagaska na Burma. Wakati huohuo Kidugala, mkoani humu, ilikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, wengi wao kina mama na watoto waliohamishwa kwao na Stalin na kufika kwa kupitia Uajemi. Bahari ya Hindi iliwaleta hao, ikawachukua wengine.

Kisa cha kuzama kwao kimesimuliwa kwa kirefu na Mwingereza Brian Crabb katika kitabu chake Passage to Destiny. Msafara wa meli tano za askari uling'oa nanga Mombasa kwenda Colombo. Mojawapo, Khedive Ismail, ilibeba watu 1,511, wengi wao wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha East African Artillery, pamoja na wauguzi. Karibu na Maldivi, mchana, baadhi ya abiria wakiwa saluni wakisikiliza muziki, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo mbili. Meli ilizama kabla dakika mbili hazijatimia. Walikufa 1,297, waliopona ni 214.

Ubishi ulianzia hapo. Nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea, wameshikilia mbao na maboya. Nahodha wa Petard, manowari iliyousindikiza msafara, Rupert Egan, alikuwa na meli nyingine nne za kulinda. Akaamuru mabomu ya kulipukia majini yatupwe palepale, na baadhi ya waliokuwa wamenusurika torpedo wakauawa na mabomu ya upande wao. I-27 iliibuka. Manowari nyingine ya msafara, Paladin, ilijaribu kuigonga ikaharibika yenyewe, na hatimaye torpedo ya Petard ikaipasua. Hadi leo wapo wanaomtetea Egan na wapo wanaomlaumu. Mjadala huo huzunguka uchungu wa nahodha; mpiga mizinga aliyekuwa majini haulizwi.

Wenzetu waliopotelewa na watu baharini walifanyaje? Mei 1941 vijana 23 wa Haganah, jeshi la siri la Wayahudi huko Palestina, waliondoka Haifa kwa boti Sea Lion pamoja na Meja Anthony Palmer wa Uingereza, kwenda kulipua kiwanda cha mafuta Tripoli, Lebanon. Hawakuonekana tena. Leo wana kumbukumbu katika Mlima Herzl, na miji kadhaa ya Israel ina mitaa yenye jina lao.

Majina ya wapiga mizinga wetu yamechongwa kwenye mnara wa makaburi ya vita, Nairobi. Ni heshima, lakini ni mbali, na walioitoa ni Waingereza. Hapa mkoani kwetu, Makambako inapanuka kila upande, na tangu kampeni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 barabara zinawekewa vibao. Halmashauri ikitenga moja kwa ajili ya waliozama, gharama yake ni bati na rangi.