Kwa nini fidla za studio husikika kama kundi zima?

Unaposikia wimbo wa kwaya au taarabu ya kisasa wenye fidla nyingi nyuma ya mwimbaji, huenda hakuna mpiga fidla hata mmoja aliyefika studio. Mara nyingi ni kinanda au kompyuta inayotoa sampuli, yaani sauti za ala halisi zilizorekodiwa noti moja moja.

Wazo hili si geni. Mwaka 1963 kinanda cha Mellotron kilianza kuuzwa Uingereza. Kila kibonye kilivuta utepe wenye sauti iliyorekodiwa, zikiwemo za fidla.

Kunakili hakutoshi

Wapiga fidla kumi hawaanzi noti kwa wakati mmoja kabisa, wala sauti zao hazilingani kabisa. Tofauti hizo ndogo ndizo zinazolifanya sikio lisikie watu wengi. Ukinakili sampuli moja mara kumi, unapata fidla ile ile, ila kubwa zaidi.

Prodyuza hufanyaje?

• Huchanganya sampuli tofauti: ya kundi kwa unene, na ya mpiga mmoja, kwa sauti ya chinichini, ili mkwaruzo wa uta usikike.
• Hupiga kila tabaka upya kwa mkono, badala ya kunakili.
• Hugawa kazi: fidla juu, viola katikati, chelo na besi chini. Waya mnene wa fidla hutetema takriban mara 196 kwa sekunde. Wa chelo takriban mara 65.
• Huyapa matabaka yote mwangwi mmoja, yasikike kama yako chumba kimoja.
• Hupunguza fidla pale zinapomfunika mwimbaji.

Jaribu kwa simu

Spika ndogo ya simu hutoa noti nzito kwa shida. Tena, redio nyingi zina spika moja, hivyo sauti za kushoto na kulia huunganishwa. Matabaka yaliyotanuliwa kwa kuchelewesha upande mmoja yanaweza kufutana, na fidla zikafifia.

Kwa hiyo, kabla hamjatuma wimbo wenu redioni, usikilizeni kwa redio au simu yenye spika moja, bila spika za masikioni. Fidla zikipotea, mrudisheni prodyuza kazini kabla hamjamaliza kumlipa. Na kama kijijini kuna mpiga fidla, mrekodini juu ya sampuli. Mtu mmoja halisi huzipa uhai.