Mlango Kati ya Utumbo Mwembamba na Utumbo Mpana

Leo tunaongea juu ya mahali padogo tumboni, chini upande wa kulia, ambapo utumbo mwembamba unaingia katika utumbo mpana. Hapo pana kama mlango: chakula kikishapita hakirudi kwa urahisi. Daktari Caspar Bauhin wa Basel, Uswisi, alisema aliuona mwaka wa 1579, na vitabu vingine huuita kwa jina lake hadi leo.

Kwa mtoto mchanga mahali hapa pana hatari yake. Wakati mwingine utumbo mwembamba hujiingiza ndani ya ule mpana, kama mkono wa sweta unapojikunja ndani. Damu haipiti vizuri, na utumbo huanza kuoza. Zamani madaktari walijaribu kupuliza hewa kwa mvukuto kupitia njia ya haja kubwa, lakini watoto wengi walikufa. Mwaka wa 1871, mjini London, Jonathan Hutchinson alimpasua mtoto wa kike wa miaka 2, akauvuta utumbo ukatoka, na mtoto akapona. Mwaka wa 1876 Harald Hirschsprung wa Copenhagen akaeleza jinsi ya kuurudisha kwa maji, bila kisu. Siku hizi pia hospitali kubwa hutumia maji au hewa, mradi mtoto afikishwe mapema.

Na kuchelewa ndiko kunakotusumbua huku kwetu. Mara nyingi mtoto ni wa chini ya mwaka 1. Hulia ghafla akikunja miguu, hunyamaza, kisha huanza tena. Hutapika. Sisi tunasema ni mchango, nyanya anatafuta dawa ya kienyeji au mtu wa kukanda tumbo, na saa zinapita. Choo chenye damu na makamasi, kama jeli nyekundu, huja baadaye. Mama, usikingoje.

Wengine huniuliza kuhusu matone ya chanjo ya rota. Ni kweli, chanjo ya kwanza iliruhusiwa Marekani mwaka wa 1998 ikaondolewa 1999, kwa kuwa ilileta ugonjwa huu kwa karibu mtoto 1 kati ya 10,000. Mbili zilizofuata zilijaribiwa kwanza, kila moja kwa watoto zaidi ya 60,000. Kenya ilianza kuchanja mwaka wa 2014. Hatari ndogo sana imebaki, lakini kuhara kwa rota huua watoto wengi zaidi. Ukiona dalili hizo, hasa wiki ya kwanza baada ya matone, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, ubebe kijitabu cha kliniki na nepi aliyochafua.