Kutoka Mzizima hadi Ubungo: Wazaramo na haki ya kuitwa wenyeji

Chama cha Wazaramo, kilichojulikana zaidi kwa jina la Wazaramo Union, kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1938, enzi za Waingereza. Wakati huo Wazaramo ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa Waafrika wa mji huo. Watu wa bara waliokuja kutafuta kazi walikuwa wakiunda vyama vyao vya kuzikana na kusaidiana. Wazaramo nao walihitaji chombo chao, lakini wao walikuwa na dai la ziada: kwamba mji ulisimama juu ya ardhi ya wazee wao.

Dai hilo limerudi midomoni mwa watu kadiri Dar es Salaam inavyopanuka kuelekea magharibi kwa Barabara ya Morogoro. Mwaka 2016 Ubungo ilianza kuwa manispaa baada ya kumegwa kutoka Kinondoni. Mwaka 2017 nyumba za kandokando ya barabara hiyo kuanzia Kimara zilibomolewa kupisha upanuzi, na Februari 2021 mabasi ya mikoani yalihamishiwa kituo kipya cha Mbezi Luis. Goba, Kwembe na Kibamba, ambako mihogo, mikorosho na miembe ilikuwa riziki ya watu, sasa ni mitaa ya mji.

Wazee wanaotajwa katika mabishano juu ya dai hilo walifika kwa njia mbili. Wa kwanza ni Washomvi, wanaosema asili yao ni Barawa, katika pwani ya Somalia. Walishuka na pwani wakakaa Kunduchi, Mbweni, Magogoni na Mzizima, kijiji kilichokuja kumezwa na Dar es Salaam. Makaburi ya Kunduchi, yenye nguzo na mabakuli ya kaure yaliyopachikwa, ni ushahidi wa ustawi wa miji hiyo ya uvuvi na biashara. Wa pili, ambao Wazaramo huwahesabu kuwa wazee wao hasa, ni watu wa Kilama, mwenye cheo cha Pazi, waliotoka bara, upande wa Ukutu.

Namna pande hizo mbili zilivyokutana inasimuliwa katika habari za Mzizima, miongoni mwa maandishi ya Kiswahili yaliyokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1907. Washomvi walivamiwa na Wakamba wakashindwa kujitetea. Ndipo akatokea Kilama, mwindaji hodari aliyekuwa na watu wake. Kabla ya kushika silaha alitaka kujua atapata nini akiwaondoa adui. Washomvi wakaahidi kumpa zawadi na, juu yake, haki ya kila mwaka kutokana na mali ya pwani. Vita ikapiganwa, Wakamba wakafukuzwa, na mapatano yakashika.

Ugomvi wa wenyeji ulizaliwa ndani ya mapatano hayo. Kila mwaka watu wa Pazi walishuka pwani kuchukua haki yao, na wengi wakabaki, wakalima, wakaoa. Kwa Washomvi, waliowahi kufika ndio wenye mji, na Pazi alikuwa mgeni aliyelipwa kwa kazi aliyoifanya. Kwa Wazaramo, Mzizima isingekuwapo bila Kilama, na mtu hawezi kudai kilichookolewa na mwenzake kana kwamba hakikuwahi kupotea. Kila upande una hoja nzito. Simulizi yenyewe haimpi ushindi yeyote: inaonyesha mji uliotokana na ahadi kati ya watu wa bahari na watu wa bara, ambao wote walikuwa wahamiaji.

Hatua zilizofuata zinajulikana. Richard Burton alipita Uzaramo mwaka 1857 na kuwataja wakuu wa vijiji kwa cheo hicho hicho cha Pazi. Katika miaka ya 1860 Sayyid Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji wake kando ya Mzizima, akafariki mwaka 1870 kabla ya kuumaliza. Wajerumani waliufanya makao makuu mwaka 1891, na Waingereza wakaurithi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila serikali ilipima viwanja, na kila upimaji uliwasogeza wenye mashamba hatua nyingine mbali na bahari.

Urithi wa Kizaramo ulikuwa na misingi yake. Ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, na jina la upande wa baba, yaani mtala, likamtambulisha mtu pia. Mwali aliwekwa ndani akafundwa akiwa na mwanahiti, kinyago kidogo cha mti. Mzaramo hakuhitaji kitabu cha nasaba kuthibitisha asili yake. Ilimtosha kujua ukoo wa mama na mtala wa baba.

Kwingineko urithi wa namna hii umelindwa kwa karatasi. Nchini Marekani, wazao wa abiria wa Mayflower, meli iliyofika mwaka 1620, waliunda jumuiya yao ya kitaifa mwaka 1897, na mwaka 1901 wakafuata Mabinti wa Waanzilishi wa Utah, wazao wa walowezi waliosafiri kwenda magharibi. Tofauti ni kubwa: walowezi wale walikwenda magharibi kuchukua ardhi ya wengine, ilhali Wazaramo walikwenda magharibi kwa sababu ardhi yao ilichukuliwa au kuuzwa kipande kwa kipande.

Baada ya Uhuru vyama vya kikabila havikuwa na nafasi katika taifa lililojengwa juu ya umoja, na mwaka 1963 sheria ikafuta uchifu. Uamuzi huo uliiepusha Tanzania na balaa lililozikumba nchi nyingi, na haupaswi kujutiwa. Mji nao uliendelea kwenda magharibi: Chuo Kikuu kikahamia Mlimani mwaka 1964, na kiwanda cha nguo cha Urafiki kikafunguliwa Ubungo mwaka 1968.

Lakini kuacha ukabila hakukulazimu kuacha historia. Kijiji cha Makumbusho kimehifadhi nyumba ya Kizaramo, na hiyo ni heshima inayostahili, ila nyumba haisemi nani alilima Msewe au nani alizikwa Makuburi. Manispaa ya Ubungo ina wajibu wa kuandika simulizi za wazee, kuorodhesha makaburi kabla ya kila upanuzi wa barabara, na kufundisha habari za Washomvi na Pazi Kilama katika shule zake. Wakazi wa leo, wengi wao wakiwa wahamiaji kutoka kila mkoa, watakuta katika habari hizo mji ulioanza kama wao walivyoanza: kwa watu waliofika, wakapatana, wakakaa.