Ombi namba 56 kwenye simu ya Rungwe

Mkulima wa chai wa Katumba, wilayani Rungwe, nje kidogo ya mji wa Tukuyu, akipiga picha ya jani lenye madoa ili amtumie bwana shamba, ndani ya simu yake hupita maelfu ya maombi kabla picha haijaondoka. Programu ya kamera haina mamlaka ya kugusa hifadhi ya simu yenyewe. Kila inapotaka kufungua faili, kuandika au kutuma kitu mtandaoni, hukiomba kiini cha mfumo endeshi kiifanyie kazi hiyo.

Utaratibu huu una zaidi ya miaka 60. Kompyuta za mwanzo ziliiachia programu mashine nzima. Ikikosea, kazi zote zilisimama. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, kilizindua Atlas, mashine yenye programu simamizi iliyokingwa dhidi ya programu za watumiaji. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie wakaanza kuunda Unix katika maabara za Bell, Marekani. Mwongozo wake wa kwanza, wa Novemba 1971, ulitenga sehemu nzima kwa ajili ya maombi haya: fungua, soma, andika, funga. Yalikuwa machache na mepesi kueleweka, na kwangu mimi ni vigumu kutaja kazi ya uhandisi wa kompyuta iliyodumu vizuri zaidi.

Tanzania ilikuwa na kompyuta tangu 1965, katika Wizara ya Fedha. Lakini mwaka 1974, mwaka uleule Thompson na Ritchie walipochapisha makala yao maarufu kuhusu Unix, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wakulima wengi wa Rungwe wamekuja kukutana na urithi wa Unix miaka mingi baadaye, kupitia simu. Linus Torvalds alianzisha Linux mwaka 1991 kwa kufuata mtindo wa Unix, na Android ikajengwa juu ya kiini cha Linux.

Tazama ombi moja tu. Katika simu za Android za biti 64 zenye prosesa za ARM, kufungua faili ni ombi namba 56, kuandika ni 64. Programu huiweka namba hiyo mahali maalumu ndani ya prosesa, ikaonyesha na jina la faili liliko, kisha ikatoa amri moja. Papo hapo prosesa hupanda ngazi ya mamlaka, programu husubiri, na kiini hushika hatamu. Anayeomba ni nani? Faili ni la nani?

Unix ilimpa kila mtumiaji namba yake kwa sababu watu wengi walichangia mashine moja. Android imeipa kila programu namba yake, kana kwamba ni mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana programu ya tochi aliyoipakua mkulima haiwezi kujisomea mafaili ya siri ya programu yake ya benki. Ikijaribu kuyafungua, kiini huirudishia kosa namba 13: ruhusa imekataliwa.