Kukagua si Kusikiliza

Jumamosi iliyopita nilikuwa Manyatta, Kisumu, katika mkutano wa chama cha akina mama wanaokodisha viti vya harusi na matanga. Mweka hazina alisoma daftari: viti 100. Makofi yakapigwa. Nyanya mmoja akauliza, "Haya, viko wapi? Twendeni tukavihesabu." Stoo ilikuwa na 82.

Nikakumbuka historia ya maneno mawili. 'Audit' ya Kiingereza inatokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kusikia, kwani katika Uingereza ya kale hesabu zilisomwa kwa sauti mbele ya wasikilizaji. Kiswahili kilishika njia nyingine: kukagua ni kutazama kitu chenyewe kwa makini.

Taarifa ya fedha ni rundo la madai: mali ipo, ni yetu, thamani yake ni hii, hakuna kilichoachwa nje. Kila dai lina ushahidi wake. Kuhesabu viti kunathibitisha kwamba vipo. Kwamba ni vyenu, lete risiti.

Kuhusu Eurobond ya 2014, ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa wakati huo, Edward Ouko, ilisema usahihi wa kiasi kilichopatikana ulikuwa bado haujathibitishwa. Wengi walisikia "zimeibwa". La hasha! Kukosa ushahidi si kuthibitisha wizi. Wala si kuthibitisha uaminifu.

Mweka hazina wetu, machozi yakimlengalenga, alisema viti 18 vimekodishwa. Nyanya hakumwita mwizi. Alisema tu, "Sawa, mwanangu. Lete karatasi."